Saint-Malo: mashujaa wao walikuja kwenye bahari yetu

Mfaransa ukimtajia Saint-Malo utaona sura inabadilika, atakuhadithia ukuta, mawimbi, chaza, siagi ya chumvi, maharamia, na kama amezaliwa hukohuko ndo basi tena, andaa kiti ukae. Mi huo mji naupenda, nalisema mapema ili mtu asije akadhani naandika kwa chuki. Ila nina ugomvi nao, ugomvi wa mtu wa Bahari ya Hindi, na sioni watu wetu wakiuongelea, hata wale ndugu zetu wanaoishi Ulaya ambao kila kiangazi wanaenda kupiga picha pale wanarudi.

Kwanza tuuelewe mji wenyewe. Uko Bretagne, kaskazini magharibi ya Ufaransa, na ule mji wa kale umekaa juu ya mwamba ambao zamani ulikua karibu kisiwa, umezungushiwa ukuta wa mawe unaoweza kuuzunguka wote kwa miguu juu kwa juu, huku bahari huku mapaa ya nyumba. Watu wake wana kiburi cha aina yake. Wana msemo kwamba wao si Wafaransa wala si Wabretoni, wao ni watu wa Saint-Malo basi, na msidhani ni maneno ya kijiweni tu, kuanzia mwaka 1590 mpaka 1594 walijitangaza jamhuri kabisa, wakagoma kumtambua mfalme Henri IV kwasababu ni Mprotestanti, mpaka alipogeuka Mkatoliki ndo wakarudi. Mji wenyewe mdogo hivyo!

Bahari yake sasa. Sisi wa pwani bamvua na maji mafu tumezaliwa nayo, na kwetu bamvua ikizidi sana maji yanapanda mita 4 hivi. Kule yanafika mita 13. Yaani asubuhi unaona mawimbi yanapiga ukuta maji yanaruka mpaka barabarani, mchana unashuka pale pale unatembea mchangani hadi visiwani, na ukizubaa yakajaa umelala njaa huko mpaka yapwe tena. Wafaransa wakaona hii nguvu isipotee bure, mwaka 1966 wakafungua kituo cha umeme kwenye mdomo wa mto Rance hapo jirani, mitambo 24, megawati 240, kinaendeshwa na kujaa na kupwa kwa maji tu, na mpaka leo kinafanya kazi. Hili nikilikumbuka na umeme wetu unavyokatika naona bora niendelee na mada.

Kuna na stori ya mbwa, hii lazima niseme. Enzi hizo meli maji yakipwa zinabaki zimelala mchangani na mali ndani, kwahiyo mji ukafuga mbwa wakali wakubwa, usiku milango ya ukuta ikishafungwa mbwa wanaachiliwa ufukweni, ukichelewa kurudi nyumbani shauri yako. Mambo yakaenda hivyo karne na karne mpaka mwaka 1770 waliporarua ofisa mmoja wa jeshi la majini akafa, eti alikua anarudi kwa mchumba wake, ndo mbwa wote wakauliwa.

Sasa twende kwenye kinachonigusa. Agosti 1944 Wamarekani waliuzingira mji, kamanda wa Kijerumani, kanali von Aulock, akagoma kusalimu amri, mabomu na moto vikala karibu asilimia 80 ya mji wa ndani ya ukuta. Ukuta ukabaki umesimama, ndani majivu. Vita vilipoisha wangeweza kumwaga zege wakaweka maghorofa ya kisasa kama ilivyofanyika Le Havre, bandari nyingine ya Ufaransa, lakini wao wakasema hapana, unarudi mji wetu, granite ileile, mapaa yenye mwinuko uleule, nyumba za matajiri wa baharini zikainuliwa upya, na mnara wa kanisa kuu umekuja kukamilika mwaka 1972. Kwahiyo mtalii anayepapasa jiwe pale huku anasema "karne ya 18 hii", mara nyingi anapapasa kazi ya fundi wa miaka ya 1950. Siwacheki, kwa kweli ni kazi ya heshima, mi mwenyewe natamani miji yetu ya kale ingepata watu wenye roho hiyo. Ila ninachotaka mkione ni kwamba hawa ni watu waliowahi kukaa chini wakachagua kipi kirudi na kipi kisirudi. Na kwenye kumbukumbu zao nako wamechagua hivyohivyo.

Panda ukutani uone masanamu. Kuna Jacques Cartier, yule aliyeondoka pale mwaka 1534 akafika Kanada, huyo tuwaachie wenyeji wa Kanada wamjadili. Kuna Duguay-Trouin aliyeiteka Rio de Janeiro mwaka 1711. Na kuna Robert Surcouf, sanamu la shaba, mkono umenyooshwa kuelekea Uingereza. Surcouf ndo kipenzi chao. Hakua haramia wa mtaani, alikua na kibali cha serikali cha kuteka meli za adui na kugawana mapato, na mwaka 1800 kwenye Ghuba ya Bengal akiwa na chombo kidogo, Confiance, aliiteka Kent, limeli kubwa la kampuni ya Waingereza ya India Mashariki. Kuna na kisa wanachokirudia sana, kama kilitokea kweli Mungu anajua, eti ofisa wa Kiingereza alimwambia nyie Wafaransa mnapigania pesa sisi tunapigania heshima, Surcouf akajibu kila mtu anapigania asichonacho. Jibu tamu, nami nilicheka.

Lakini hebu tuulize, huyu jamaa alijifunzia wapi kazi? Jibu ni huku kwetu. Akiwa kijana wa miaka 16 hivi alikua baharia kwenye meli inaitwa Aurore, ikaenda kuchukua watumwa pwani ya Afrika, na Februari 1790 ikapigwa na dhoruba ikavunjika kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, na mamia ya watu waliokua wamefungiwa chini kwenye ngama wakazama humohumo. Akina nani, wametoka vijiji gani, majina yao nani, hakuna. Yeye akapona akaendelea na maisha. Afu mwaka 1794 Paris ikapitisha sheria ya kufuta utumwa, walowezi wa Mauritius na Bourbon (ndo Réunion ya leo) wakakataa kuitii, na Surcouf ni mmoja wa waliokua wanaendelea kubeba watu kwenda visiwani kama vile hakuna kilichotokea. Hiyo ndo shule ya shujaa, na kwenye kadi za posta haipo.

Na si yeye peke yake, mji mzima macho yalikua huku. Mwaka 1708 wafanyabiashara wa Saint-Malo walituma meli mbili mpaka Mokha, Yemen, kufuata kahawa kwa Waarabu moja kwa moja. Mwaka 1715 nahodha wao, Guillaume Dufresne d'Arsel, akitokea hukohuko Mokha, akapita Mauritius ambayo Waholanzi walikua wameshaiacha, akasimika bendera, akaiita Isle de France. Mwaka 1735 akaja mwana wa Saint-Malo mwingine, Mahé de La Bourdonnais, kuwa gavana, na ndiye aliyeijenga Port Louis ikawa bandari ya maana, na mpaka leo sanamu lake liko pale linaangalia maji. Aliijenga kwa mikono ya nani hiyo bandari? Ya watu walioletwa kutoka Madagascar, Msumbiji na kwingineko. Mashamba yakakua, miwa ikataka watu, meli zikapanda juu zaidi kaskazini mpaka Kilwa.

Kilwa bana. Septemba 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliyekua anafanya biashara kutokea Isle de France, aliandikishana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1000 kila mwaka, piasta 20 (sarafu ya fedha ya enzi hizo) kwa kichwa. Morice simhesabu kama mtu wa Saint-Malo, lakini mlango aliopitia ulifunguliwa na watu wa Saint-Malo. Wayao, Wamakua, Wamakonde na wengine wengi wakashushwa kutoka bara mpaka pwani, wakavushwa, na wajukuu wa wajukuu wao leo wako Mauritius na Réunion wanaongea Krioli na kucheza sega na maloya, ngoma ukizisikia tu miguu yako inajua zimetoka wapi hata kama kichwa hakijui.

Ukirudi Saint-Malo na haya kichwani mji unausoma tofauti. Zile nyumba ndefu za granite za wenye meli, unaanza kujiuliza ipi ni samaki wa Newfoundland, ipi ni fedha ya Peru, ipi ni watu, maana bandari hii nayo ilituma zaidi ya safari 200 za kubeba watumwa, nyingi zikipitia Afrika Magharibi kwenda Karibi. Hata Chateaubriand, mwandishi wao mkubwa aliyezaliwa hapo mwaka 1768, baba yake aliinuka kutoka umaskini kwa biashara za baharini na ya watumwa ikiwemo, ndo akapata hela ya kununua kasri la Combourg ambako mtoto alikulia akipunga upepo na kuwaza mashairi. Kaburi lake liko kwenye kisiwa cha Grand Bé, unaenda kwa miguu maji yakipwa, jiwe na msalaba, jina halijaandikwa, aliomba mwenyewe awe anasikia bahari na upepo tu. Mwandishi wa Kifaransa Simone de Beauvoir ameandika kwamba walipofika pale na mwenzake, mwanafalsafa Sartre, Sartre alikojoa juu ya kaburi kwasababu aliona huo unyenyekevu una majivuno ndani yake. Tabia mbaya, sitetei, ila kuhusu majivuno alikua na pointi.

Najua kuna atakayesema mambo ya zamani hayo, au kwamba kila bandari ya Ufaransa ilifanya hivyo. Sawa, Nantes ilifanya kuliko wote, lakini Nantes mwaka 2012 walifungua kumbukumbu kubwa ya kufutwa kwa utumwa ukingoni mwa mto Loire, na njiani kuna vibao vya vioo ardhini vina majina ya meli zao, unatembea unayasoma moja moja. Nantes haijafa kwa kusema, watalii hawajakimbia. Mauritius nao mlima wa Le Morne walikojificha watumwa waliotoroka uko kwenye urithi wa dunia toka mwaka 2008, na kila Februari mosi nchi nzima ni sikukuu ya kufutwa kwa utumwa. Saint-Malo kwa maoni yangu bado inaongea kwa sauti ya chini sana kuhusu hili na sauti kubwa sana kuhusu Kent. Sisemi wang'oe sanamu, mambo ya kung'oa sanamu yana kelele nyingi na baada ya wiki watu wamesahau. Mi ningeweka kibao kingine pembeni ya Surcouf, kibao cha shaba hiyohiyo, kisemacho Aurore, 1790, mlango wa Msumbiji, na watu waliokuwemo ndani ya ngama. Watoto wa shule wanaopelekwa pale wasome vyote viwili kisha wabishane wenyewe.

Na ili niwe wa haki, na sisi tuna kibao cha kuweka. Kilwa Kisiwani stori nyingi nilizowahi kusikia zinaanza na Ibn Battuta kuusifia mji mwaka 1331, zinapita Husuni Kubwa na msikiti mkuu, zinafika Mreno anavunja mwaka 1505, hapo msimuliaji anaanza kuangalia saa. Mkataba wa 1776 una sahihi mbili, na moja ni ya sultani wetu, ambaye alikua anapata piasta 2 zake kwa kila mtu aliyeondoka. Hicho kibao nacho kiandikwe kwa Kiswahili, hapohapo wageni wanaposhukia kwenye boti.