Kwa vichaka vyetu, mtutu wa inchi 20 unatosha

Kila ifikapo Juni, wiki chache kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa tarehe 1 Julai, barazani kwetu Temeke huzuka ubishi ule ule wa urefu wa mtutu wa bunduki ya kuwindia. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye bunduki ya .30-06 ambayo mtutu wake yeye husema ni wa inchi 24, hushikilia kwamba kuufupisha mtutu ni sawa na kumhasi dume. Vijana wanaofuatilia mambo ya Wamarekani mtandaoni wanataka inchi 16. Mimi, ambaye kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikata leseni ya uwindaji wa wenyeji kwa ajili ya swala na ngiri, nasimamia inchi 20 kwa kaliba (yaani aina ya risasi) ya .308 na jamaa zake. Inchi 22 haina ubaya, lakini kinachozidi hapo ni chuma unachokibeba bure.

Sikuzaliwa na msimamo huo. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa na mtutu wa inchi 26, na niliichagua dukani kwa sababu ilipendeza ukutani. Kisha nikaenda nayo kusini mwa mto Rufiji, mahali ambapo kichaka hakina adabu: miiba kulia, mianzi kushoto, na mtambaazi wa upupu unaomsubiri asiyeangalia anapoweka mkono. Tulikuwa tumemfuata ngiri dume kwa zaidi ya saa moja, upepo ukitupiga usoni, mpaka tukamwona amepiga magoti pembeni ya dimbwi, kama walavyo ngiri, akichimbua mizizi. Nilipogeuka taratibu ili nimlenge, ncha ya mtutu ikagonga mwanzi mkavu, ko! Ngiri akasimamisha mkia kama mlingoti, akatokomea. Mfuatiliaji wetu wa nyayo, ambaye kwa kawaida hazungumzi neno mpaka jioni, akaitazama bunduki yangu kutoka kitako hadi mdomoni, akauliza: “Shikamoo mzee, hiyo ni bunduki au upondo?”

Wanaotetea mtutu mrefu wana hoja moja ya kweli, nayo ni kasi. Baruti inapowaka hugeuka gesi, na gesi hiyo huisukuma risasi kwa muda wote ambao risasi ingali ndani ya mtutu. Kwa hiyo njia ikiwa ndefu, msukumo nao huwa wa muda mrefu. Wanachokisahau ni kwamba msukumo hauwi sawa mwanzo hadi mwisho. Katika .308 shinikizo hufikia kilele chake risasi ikiwa imesogea inchi chache tu, na baada ya hapo huporomoka, hivi kwamba kila inchi ya mwishoni huongeza mita kama 6 hadi 8 tu kwa sekunde. Risasi ya gramu 9.7 ikitoka kwenye mtutu wa inchi 24 kwa kasi ya mita 860 kwa sekunde, kwenye mtutu wa inchi 20 itatoka kwa takribani mita 830. Nguvu inayopotea ni kama asilimia 7. Ukiwa umeirekebisha darubini yako kwa mita 100, tofauti ya kushuka kwa risasi hizo mbili kwenye mita 200 ni kama sentimita moja, na mimi katika maisha yangu yote ya uwindaji sijampiga mnyama aliyevuka mita 120. Swala dume ana kilo 60 hivi, na ngiri mkubwa anaweza kuzidi kilo 100. Hakuna hata mmoja kati yao atakayehisi upungufu huo, mradi risasi iingie nyuma ya bega panapostahili.

Hadithi kwamba urefu ni nguvu nadhani tumeirithi. Gobore linahitaji mtutu mrefu kwa sababu ya baruti yake nyeusi, na bunduki za kijeshi za zamani zilirefushwa pia ili singe imfikie adui. Gewehr 98 ya Wajerumani ilikuwa na mtutu wa sentimita 74. Walipokuja kutengeneza Karabiner 98k wakaupunguza hadi sentimita 60, na kaliba ikabaki ile ile.

Na wale vijana wa inchi 16? Hao wameazima jibu la swali la watu wengine. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1934 iliweka usajili wa pekee na kodi kwa raifo yenye mtutu mfupi, na mpaka wake, ambao mwanzoni ulikuwa inchi 18, ukashushwa hadi inchi 16 mwaka 1960, kwa hiyo kipimo hicho kilipata umaarufu kutokana na sheria, si kutokana na mnyama. Isitoshe, wenzetu wa Texas wanawapiga nguruwe waliogeuka wa mwituni hata usiku, mara nyingi wakiwa ndani ya magari, ambako ufupi ni neema. Sisi huwinda mchana, kwa miguu, tukiwa na askari wa wanyamapori pembeni. Mtutu wa inchi 16 katika .308 una mlipuko unaochapa uso, na anayeumia zaidi si mpigaji bali ni yule mfuatiliaji aliyesimama nusu hatua mbele ya bega lako bila kitu chochote masikioni. Mimi huwagawia wote vizibo vya masikio kabla hatujashuka garini, na bado sipendi kumfyatulia mtu kishindo cha namna ile.

Kanuni yangu ina mpaka. Mwenye .300 Winchester Magnum abaki na inchi 24 au zaidi, kwa sababu kaliba hiyo hubeba baruti nyingi inayowaka polepole, na ukiufupisha mtutu wake utakuwa umenunua risasi ya bei kubwa ili uwashe moto hewani. Na yeyote asije akaipeleka bunduki kwa fundi wa mageti wa mtaani Gerezani ili aikate: silaha ni mali yenye namba na leseni, na ncha ya mtutu iliyokatwa upande humwaga risasi popote ipendapo.

Mwezi uliopita nilimwomba jirani yangu tuipime bunduki yake. Tulihakikisha haina risasi, tukafunga bolti (komeo la chumba cha risasi), nikaingiza fimbo ya kusafishia kupitia mdomo wa mtutu hadi ikagota kwenye bolti, nikaitia alama ya kalamu pale ilipochomozea, kisha tukailaza kwenye futi kamba ya fundi cherehani. Ilisoma inchi 22. Mzee akavaa miwani, akasema futi kamba za siku hizi hazina uaminifu, akaniagiza nipime tena.