Panya wa maabara na nyonga za bibi zetu

Nikigusia utafiti wa panya barazani hapa Ujiji, hakosekani wa kuniuliza: panya na nyonga ya bibi, wapi na wapi? Mimi naona vinahusiana sana, na inaniuma kila bibi anapoteleza uani, nyonga ikavunjika, nasi tukasema ni uzee tu.

Afrika Kusini kuna familia zenye asili ya Kiholanzi ambamo baadhi ya watoto huzaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo SOST. Mifupa yao hunenepa mno na ni nadra kuvunjika, lakini fuvu likizidi unene hubana mishipa ya fahamu, uso ukapooza na masikio yakapoteza usikivu. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2001. Binadamu huwezi kumharibia jeni kwa makusudi ili ujiridhishe, ndipo panya wakaingia kazini. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba panya waliozimiwa jeni hiyo walikuwa na mifupa mizito na imara kuliko panya wa kawaida.

Mfupa ni kitu hai: kuna seli zinazoubomoa na zinazoujenga, maisha yote. SOST hutengeneza protini ya sklerostini, ambayo ni kama msimamizi anayewaambia mafundi waweke mwiko chini. Mfupa ukibebeshwa mzigo, sklerostini hupungua na ujenzi huendelea. Ukikaa bure, huongezeka. Hapo ndipo ninapogombana na desturi yetu ya kumwambia mzee "wewe pumzika tu, bibi" hadi mkeka unakuwa makazi yake.

Nenda Kibirizi asubuhi uwatazame akina mama wanaoanika dagaa. Yuko mmoja mtu mzima, anageuza dagaa kwa viganja, na akitaka kusimama hushika goti kwanza, kisha anainuka nusu. Mgongo haunyooki tena. Kibiongo cha uzeeni mara nyingi ni pingili za mgongo zilizosagika polepole, bila hata kuanguka. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana madini mengi ya chokaa, na nafurahi kwamba hatuwakosi, ila baada ya hedhi kukoma mwili wa mwanamke hubomoa mfupa haraka kuliko unavyoujenga, na chakula peke yake hakitoshi.

Kutokana na elimu hiyo ya SOST ilipatikana dawa ya kuzuia sklerostini, romosozumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Huchomwa mara moja kwa mwezi kwa mwaka mmoja, na hapewi aliyepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni. Ni ghali, najua. Lakini kupima uzito wa mifupa hakuhitaji dawa hiyo, na mama wa miaka sitini aliyevunjika kiwiko kwa kujikwaa tu anastahili kupimwa kabla hajarudishwa nyumbani na plasta. Mikoa ya huku magharibi tuidai huduma hiyo kwa sauti ileile tunayodai barabara.