Hapana Mtori

Bango lenyewe lilikuwa bati la futi 4 kwa 2, la mgahawa mmoja wa Kiboriloni, Moshi. Mwenye mgahawa, Mangi kama tunavyomwita, alitaka zile herufi ndefu nyembamba zenye kingo za kukwaruza, kama zimepigwa kwa brashi bila rula. Maneno: MBUZI CHOMA, na chini yake HAPA NA MTORI, ile supu nzito ya ndizi na nyama wanayopikiwa waliojifungua.

"Mangi, hilo HAPA litoe. Bango si litakaa mlangoni?"

"Fundi, bila HAPA watajuaje ni hapa?"

Haya. Wachapaji wa mabango wa karne ya 19 walizipenda herufi hizi kwa sababu maneno mengi yanaenea na kimo hakipungui. Nilizipa kimo cha inchi 9, upana 3: mguu inchi 1, uwazi 1, mguu 1. Kwa kimo hicho mtu anasoma vizuri akiwa futi 90. Ila usichukue herufi za kawaida ukazibana kwenye kompyuta. Miguu inakonda, mikanda ya kulala inabaki minene, na neno zima linaonekana lina njaa. Thina ikizidi, matumbo ya A na R yanaziba. Brashi ifute kwenye ukingo wa kopo mpaka iwe nusu kavu, mkwaruzo utakuja wenyewe. Na HAPA NA ina A tatu: zikifanana zote, kila mtu atajua mkwaruzo ni wa kuigiza.

Mstari wa pili ulitoshea kabisa. Herufi inchi 32 (M ina 4, I ina 1), mianya yake jumla inchi 4, nafasi mbili za maneno inchi 3 kila moja, fremu na pumzi 3 kila upande. Jumla 48. Bati limeisha.

Ndipo Mangi akataka kichwa cha mbuzi, pale kushoto, inchi 5. "Na acheke."

Herufi zipungue? Hataki. Fremu ilishapigiliwa misumari. Zikaliwa nafasi za maneno, zikabaki nusu inchi, sawa na mwanya wa herufi na herufi. Herufi nyembamba zimesimama kama fito za uzio. Ukiondoa nafasi, jicho halijui neno linaishia wapi.

Kesho yake nimefuata hela iliyobaki, mama mmoja akaja na chupa ya chai, binti yake kajifungua. Akasoma kwa sauti: "Mbuzi choma. Hapana mtori." Akanusa. "Mbona nausikia?" Akageuza.

Mangi akatoka mbio na upawa mkononi. "Mama, upo! Upo!"

Halafu akachukua mkaa jikoni, akaandika chini ya bango, UPO. Bodaboda akasimama, akasoma mara mbili: "Hapana mtori upo. Sasa mzee, upo au haupo?"

HAPA ikafutwa. Njano ya bati haifichi nyekundu ya herufi kirahisi. Nikaanza na nyeupe, ikakauka, ndipo njano mara mbili. Likabaki pengo la inchi 14 kati ya mbuzi na NA MTORI. Mangi akalitazama, akaniambia nimmalizie mbuzi kiwiliwili.