Reli ya Mchoroni

Alhamisi jioni nilikaa dakika 50 juu ya daraja jipya. Sisemi barabara ya kuelekea darajani. Nasema juu yake kabisa, maji chini, kwenye kiti cha dirishani cha basi lililozimwa injini. Miaka minne tulizungushwa njia za kando, tukala vumbi, tukalala na milio ya mitambo, tukaambiwa tuvumilie kwa sababu kinachokuja ni kikubwa. Kimekuja. Ni foleni ileile, ila sasa ina taa nzuri.

Foleni nimeizoea, haikunitoa jasho. Kilichonikera ni nilichokuwa nakitazama dirishani. Kati ya njia za kwenda na za kurudi kuna ukanda mpana, una ukuta mfupi wa zege huku na huku, na hauna kitu. Yaani hauna kitu cha maana, maana vitu vimo: chupa za plastiki, koni mbili zilizosahauliwa na mkandarasi, matundu ya maji ya mvua yaliyoanza kuziba, na pale kipande kimoja cha daraja kinapokutana na kingine, majani yameshaota. Dada niliyekaa naye, ambaye alikuwa ameshavua viatu kwa kujua hatuendi popote, akaniuliza, "Kaka, hivi pale katikati ni pa nini?" Nikamwambia ni pa reli. Akachungulia, akaguna, akarudi kwenye simu yake.

Mnaukumbuka ule mchoro uliobandikwa kwenye mabati ya ujenzi? Treni nyeupe inakatiza katikati ya daraja, magari machache yametulia pembeni, watu wembamba wasio na mizigo wanapunga upepo. Treni ya juu, ile inayopita juu ya nguzo, ambayo sasa inaishia upande huu wa mto kama mtu aliyefika ufukweni akakumbuka hajui kuogelea, ingevuka na kwenda ng'ambo kwenye watu. Siku ya kukata utepe mchoro ulikuwepo. Hotuba zilikuwepo. Treni haikuwepo, na maneno yalikuwa yamebadilika kimyakimya. Ile "daraja la barabara na reli" ilishakuwa "daraja lenye nafasi iliyoachwa kwa ajili ya reli siku za usoni".

Siku za usoni! Nimeishi vya kutosha kujua kwamba hizo siku hazina jumatatu.

Kabla hamjanishambulia: sina ugomvi na kujenga upya. Madaraja mengi ya barabara kuu za mijini yalijengwa kwa wingi miaka ya 1950 na 1960, na yamezeeka kwa pamoja kama wanafunzi wa darasa moja. Genoa, Italia, 14 Agosti 2018, daraja la mwaka 1967 lilidondoka na watu 43 wakafa. Minneapolis, Marekani, 1 Agosti 2007, wakati wa foleni ya jioni, likaanguka la 1967 vilevile, wakafa 13. Anayesema yaachwe aende akasimame chini yake kwanza.

Ila hiyo Minneapolis ndiyo iliyonifungua macho kuhusu hii "nafasi iliyoachwa". Walijenga daraja jipya kwa kasi ya ajabu, likafunguliwa Septemba 2008, na wakaliwekea nguvu ya kuweza kubeba treni nyepesi, zile za abiria wa mjini, baadaye. Safi kabisa. Treni ikaja kweli, mwaka 2014. Ikapita wapi? Ikapita daraja la jirani, la miaka ya 1960, ambalo ilibidi liimarishwe ili liibebe. Lile lililoandaliwa likaendelea na magari yake. Daraja lenye nguvu ya kubeba treni ni kitu kimoja, na daraja lililo kwenye njia ya treni ni kitu kingine, na ukitoka nyumbani kwenda kazini ni hicho cha pili unachokihitaji.

Nina rafiki mhandisi wa madaraja. Nilipompigia kumlalamikia akaniambia, "Bwana wee, wewe unatazama katikati. Katikati ndipo pepesi. Tazama kwenye ncha." Akanieleza kwa utaratibu, kama anavyomweleza mwanasiasa. Gari linapanda na kushuka karibu popote, lakini treni nyingi za mijini hazitaki mwinuko unaozidi mita 4 hadi 6 kwa kila mita 100, na kona kali haziziwezi. Maana yake ile reli ikitoka darajani haiwezi kujirusha chini kama njia ya magari. Lazima iendelee juu ya nguzo mbali kabisa, ipinde polepole, itafute stesheni. Hizo nguzo zinataka ardhi. Kama siku ya ujenzi hukuhifadhi ardhi ya pande zote mbili, wenzako watajenga ghorofa, na nafasi yako ya katikati inakuwa ghorofa ya pili isiyo na ngazi.

Halafu akanikumbusha ule mlio, ta-tam, ta-tam, tairi zinapovuka viungo vya daraja. Ule ni mwanya uliowekwa makusudi kwa sababu daraja linatanuka na kusinyaa. Chuma cha kilomita 1, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka kama sentimita 36. Tairi la basi linaruka mwanya na maisha yanaendelea. Reli inahitaji viungo vyake maalumu, vilivyopangwa na mchoraji wa daraja tangu mwanzo. "Kuongeza reli baadaye kunawezekana," akasema, "kama vile kuongeza lifti kwenye nyumba iliyokwisha kunavyowezekana."

Lakini si uhandisi wenyewe unaoziua hizi reli. Zinauliwa na njaa ya magari. Nafasi tupu katikati ya foleni haikai tupu. Kila asubuhi maelfu ya madereva wanaitazama huku wamekanyaga breki, na kila mmoja anawaza jambo lilelile, na wote wanapiga kura. Reli ambayo haijajengwa haina abiria wa kuitetea. Hakuna mtu atakayeandamana kudai treni ambayo hajawahi kuipanda.

Mnadhani natia chumvi? Daraja la George Washington la New York lilifunguliwa 1931, na mhandisi wake Othmar Ammann alikuwa ameliachia uwezo wa kuongezewa ghorofa ya chini, ambayo ingeweza kubeba reli. Ghorofa ikaongezwa kweli, mwaka 1962. Njia sita. Za magari. Sasa daraja lina njia 14 na foleni yake inatangazwa redioni kila siku kama hali ya hewa.

Na hilo angalau halikuwahi kuwa na reli. San Francisco waliwahi kuwa nayo. Daraja la ghuba la kwenda Oakland lilifunguliwa 1936, na kuanzia Januari 1939 treni zilipita ghorofa ya chini, kila siku, watu wakaenda kazini. Aprili 1958 zikasimamishwa. Reli zikang'olewa, ghorofa zote mbili wakapewa magari. Na wakati huohuo walikuwa wanapanga treni ya kuvuka ghuba hiyohiyo, na mwaka 1974 ikaanza, kwenye bomba kubwa lililolazwa chini ya maji. Yaani waliing'oa juu, wakaenda kuiweka chini ya bahari. Kisha tetemeko la Oktoba 1989 likadondosha kipande cha daraja, upande mzima wa mashariki ukajengwa upya kwa zaidi ya dola bilioni 6, ukafunguliwa Septemba 2013. Una mnara mmoja mzuri sana. Una njia ya baiskeli. Reli hauna. Nafasi ile hujitokeza mara moja katika umri wa mtu, na wao waliipata mara mbili.

Hapo ndipo naposhikwa na hasira. Daraja kubwa halijengwi kila muongo. Linajengwa, watoto wanazaliwa, wanasoma, wanaoa, wanastaafu, ndipo linajengwa tena. Njia moja ya magari ya barabara kuu, ikienda vizuri, hupitisha kama magari 2,000 kwa saa, na mengi yana mtu mmoja na begi lake. Reli ya juu inayoendeshwa sawasawa hupitisha watu zaidi ya 10,000 kwa saa kwa upande mmoja bila kutoa jasho. Unaponiambia umejenga nguzo, umejenga misingi, umeacha nafasi, umefunga mto miaka minne, halafu hela imekwishia kwenye kile kipande ambacho kingebeba watu wengi kuliko vingine vyote pamoja, usiniambie ni bahati mbaya. Mlipanga foleni ya matumizi, mkaiweka reli nyuma kabisa.

Haya, najua mtaniletea Toronto, Kanada, kuwa mfano wa nafasi iliyoachwa ikatumika. Nileteeni. Daraja la Prince Edward lilifunguliwa 1918, na wakubwa wa kazi za umma, akiwemo R. C. Harris, wakang'ang'ania ghorofa ya chini kwa ajili ya treni ambayo wakati huo haikuwepo. Watu wakalalamikia gharama. Mwaka 1966 treni ya chini ya ardhi ikatoka shimoni, ikapita humo humo ghorofani, ikaingia shimoni tena. Miaka 48! Nakiri, roho inaniuma kidogo, kwamba ile nafasi iliyoachwa ilifanya kazi. Lakini hata hapo, kwenye daraja la pili la njia hiyohiyo, juu ya bonde la Rosedale, kona ilikuwa kali mno kwa treni za wakati huo, ikabidi wajenge daraja jingine pembeni. Na ni miaka 48. Mimi nina mkutano saa mbili na nusu.

Mfano ninaoupenda ni Montreal, hukohuko Kanada. Daraja la Champlain la 1962 lilikuwa limeliwa na chumvi ya barabarani mpaka mwaka 2013 wakalibebesha boriti kubwa la dharura ili lisipasuke. Kazi ya jipya ikatiwa saini 2015, na katikati yake ukachorwa ukanda wa usafiri wa umma. Mpaka hapo ni kama sisi. Tofauti ni kwamba mwaka uliofuata akatokea mwenye reli, mfuko wa pensheni wa Quebec, ana hela na ana ratiba. Daraja likafunguliwa 2019, na Julai 2023 treni isiyo na dereva ikaanza kuvuka. Ndiyo, iliharibikaharibika majira ya baridi, na wanaoishi jirani na reli walilalamikia kelele, na hawakukosea. Lakini wanagombana na treni iliyopo. Nami ningependa kugombana na treni iliyopo.

Kuhusu wanaosema reli za juu zinaharibu sura ya mji: daraja lenye njia nane za magari ni shada la maua? Kuhusu wanaosema mabasi yanatosha: nipo ndani ya basi. Kuhusu usalama, hapo sicheki. Mei 2021 kipande cha reli ya juu kilianguka Mexico City na watu 26 wakafa, na anayejenga bila kusimamia mafundi na kukagua viungo asijenge kabisa, iwe ni reli au barabara.

Najua pia kwamba kuidai reli kunaweza kuua daraja zima. Pale Portland, Marekani, kwenye mto Columbia, kuna madaraja mawili pacha, la 1917 na la 1958, yamekaa juu ya nguzo za mbao. Mradi wa kuyabadilisha ulikula zaidi ya dola milioni 170 kwenye mipango tu, ukafa mwaka 2013 baada ya seneti ya jimbo la Washington kugoma kutoa fungu, na treni nyepesi iliyomo ndani yake ilikuwa moja ya mifupa iliyowakwama kooni. Kwa hiyo mtu anaposema "tuchukue barabara kwanza, reli tutaidai baadaye", namwelewa. Namwelewa sana. Nimekaa juu ya matokeo yake dakika 50.

Basi lilipoanza kutambaa, kwenye nguzo ya taa nikaona tangazo jipya limefungwa kwa waya. Nikasoma tulipokuwa tunapita, maana kasi iliruhusu kusoma hata maandishi madogo. Wananchi wanaombwa kutoa maoni kuhusu "matumizi ya muda" ya ukanda wa katikati, mwisho Ijumaa. Chaguo la kwanza ni njia ya ziada ya magari upande wa kwenda, la pili ni njia ya ziada upande wa kurudi, la tatu ni njia moja inayobadilishwa uelekeo asubuhi na jioni.

Fomu nimeijaza usiku uleule. Chini kabisa kuna sehemu ya "mapendekezo mengine" yenye mistari miwili. Kwenye wa kwanza nimeandika "reli". Wa pili nimeuacha wazi, kwa matumizi ya siku za usoni.