Nimeacha Kazi, Laptopu Bado Imeajiriwa

Jamani, mimi kazi niliacha kwa heshima zote. Barua niliandika, soda ya kuagana tukanywa, kitambulisho na funguo za droo nikarudisha, nikasaini. Laptopu sikurudisha kwa sababu ni yangu, nimeinunua kwa hela yangu. Lakini yenyewe haina habari kwamba tumeondoka! Nikiiwasha inanitolea nembo ya kampuni. Nikitaka kuweka picha ya wanangu, inasema mpangilio huu unasimamiwa na taasisi yako. Taasisi yangu ipi? Hela ya likizo hawajanilipa, picha ndiyo wanisimamie?

Mama Neema anapiga hesabu za vikoba, akiinuka kugeuza maandazi, akirudi imejifunga. "Baba Neema, hii kompyuta ina meneja?" Sina jibu.

Chanzo ni kijana wa TEHAMA. Tulipoambiwa tufanyie kazi nyumbani alikuja kuniwekea barua pepe ya ofisi. Sasa Windows ina njia mbili hapo: ya kuongeza anwani tu, iko juu, wazi kabisa, na ya kuikabidhi kompyuta nzima kwa taasisi, imebanwa chini kwa herufi za sisimizi. Kijana, chapati mkono mmoja, akaiacha ya juu akaishukia ya sisimizi. Laptopu ikapata ajira bila usaili.

Kuitoa eti ni dakika moja: ingia Setingi, Akaunti, kwenye akaunti za kazi au shule, bofya tenganisha. Nikabofya. Ikanionya kwamba nitapoteza barua pepe na kila kitu cha ofisi. Nikacheka peke yangu, maana hivyo nilishavipoteza siku ya soda! Nikakubali. Ikadai jina na neno la siri la msimamizi mwingine wa kompyuta. Mwingine nimtoe wapi?

Nikampigia yule wa chapati. Anapokea, kuku wanapiga kelele nyuma. "Mzee wangu, mimi mwenyewe niliondoka, nafuga huku Kibaha." Nikapiga ofisini. Dada wa mapokezi mpole kweli: "Shikamoo baba. Maombi ya TEHAMA tunapokea kwa barua pepe, tumia anwani yako ya kazini."

"Marahaba mwanangu, lakini hiyo anwani mmeifunga."

"Basi omba ifunguliwe, baba."

"Naomba vipi?"

"Kwa barua pepe."

Fundi wa Kariakoo hata kuiwasha hakuiwasha. Yule hata kitufe cha herufi K kikichomoka, dawa ni moja: "Boss, tunapiga Windows mpya, elfu ishirini, unasubiri hapo hapo." Na mafaili? Akanitazama kwa huruma. "Kwani una flashi?"

Ikabidi aje mpwa wangu wa chuo. Cha kwanza anauliza, "Mjomba, diski imefungwa?" Kumbe BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda mafaili, ikishafunga diski, ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48, na kompyuta ikiwa ya taasisi ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya kazini. Yaani mimi nina mlango, mwajiri ana ufunguo! Dogo akaufukua humo humo ndani ya mashine, akauandika tarakimu zote 48 nyuma ya daftari la Neema la Sayansi. Halafu akatengeneza akaunti nyingine ya kawaida, isiyojua ofisi wala bosi, akaipa mamlaka yote. Akarudi pale pa kutenganisha, ilipouliza msimamizi mwingine akaitaja hiyo hiyo. Ikakubali! Kumbe huyo msimamizi tunamuumba wenyewe, na mimi nimemaliza vocha nikimtafuta Kibaha.

Ikazima, ikawaka. Nembo hakuna, kaulimbiu hakuna. Mafaili nayo hakuna! Nikakaa chini. "Mjomba tulia," akafungua folda ya mtumiaji wa zamani, na kila kitu kimo, mpaka picha za send-off ya shemeji. Akavihamisha, akala maandazi manne, akaondoka.

Jioni nikasema sasa niandike barua ya kudai hela yangu ya likizo. Nafungua Word, inanisomea vizuri tu, ila kuandika haitaki. Leseni ilikuwa ya ofisi. Barua nimeiandika kwenye simu, na sasa hivi natafuta wa kuniprintia.