Weka Simu Mfukoni, Kafunge Pipa

Juzi Jumanne natoka zangu shifti ya usiku, ilikuwa kama saa kumi na mbili kasoro asubuhi, giza bado lipo, nimepaki gari nyuma ya apatimenti natafuta funguo kwenye pochi, ndo nikasikia mtu anahema. Mhemo mzito, kama wa mzee mnene aliyepanda ngazi. Kugeuka, hatua kama kumi na tano hivi, chini ya taa ya nguzo, dubu amekaa kitako pembeni ya kontena la taka, kapakata mfuko mweupe mapajani, anatoa kitu kimoja kimoja. Akatoa kopo la mtindi, akalishika kwa mikono yote miwili, akaingiza ulimi mpaka mwisho, kopo likawa linagonga meno, tak tak tak. Sikioni ana kibandiko cha watafiti wanaofuatilia dubu wa hapa mjini. Akainua pua akanusa hewa, akanitazama, akaendelea na kopo lake.

Mi ni Mtanzania, nipo hapa Asheville, North Carolina, mwaka wa sita sasa, na dubu weusi nimeshawaona sio mara moja. Sikukimbia. Nikarudi kinyumenyume polepole hadi kwenye gari, nikaingia, nikafunga mlango, nikapiga honi mara tatu ndefu. Akaacha kopo, akanyanyuka, akaanza kutembea kuelekea miti ya nyuma, yaani ilikuwa imeshaisha hiyo. Sasa kumbe honi imemwamsha kijana mmoja wa ghorofa ya pili, akafungua dirisha, simu mkononi anarekodi, anamwita dubu vile mtu anavyomwita paka wake, mara akarusha kipande cha mkate chini. Dubu akasimama. Akageuka. Akarudi.

Hapo ndo moyo wangu uliuma na ndo maana naandika haya. Kwa muda mrefu niliamini anayemponza dubu ni mwoga, yule anayepiga kelele "muueni, muueni". Siku hizi siamini hivyo. Naona wanaompenda dubu, wanaomrekodi na kumwita majina matamu na kumtupia chakula, ndo wanaomuua wengi zaidi, ila wanamuua taratibu na hawapo siku anapokufa.

Mwoga namwelewa. Mama yangu kule Dar nilipomtumia ujumbe wa sauti kumweleza, alinipigia papo hapo, hata shikamoo hakuisubiri, "Mwanangu, rudi nyumbani, kazi gani hiyo ya kuishi na madubu?" Jirani yangu mama mmoja Mkongo, amekuja na wanawe wanne, alikaa siku mbili hajawatoa watoto nje, ananiambia "Dada, ile nyama iko inarudia kila siku, itatukulia watoto." Sikumcheka hata kidogo. Mtu aliyekimbia aliyoyakimbia yeye, ukamwambia mnyama wa kilo 150 nje ya mlango wake hana neno, lazima umweleze vizuri na kwa subira. Nikakaa naye jikoni kwake tukaongea. Nikamwambia kuna watafiti walihesabu watu wote waliouawa na dubu weusi wa porini Marekani na Canada kuanzia 1900 hadi 2009, miaka 110 yote hiyo, wakapata watu 63, na wengi wao ilikuwa huko Canada na Alaska, sio huku mashariki, na mara nyingi ni dume aliye peke yake, sio mama mwenye watoto kama tunavyodhani. Mama dubu mweusi akishtuka kazi yake ya kwanza ni kuwapandisha wanawe juu ya mti. Hasira tunazomsingizia ni za yule binamu yake mkubwa wa kahawia, ambaye huku kwetu hayupo kabisa.

Lakini pia sikumdanganya kwamba hana hatari. Mwaka 2023 bibi mmoja huko California aliuawa ndani ya nyumba yake mwenyewe, wakasema ndo kifo cha kwanza cha aina hiyo kuthibitishwa jimbo lile. Kwa hiyo tukafundisha watoto, tena kwa vitendo pale sebuleni: usikimbie, maana yeye anafika kilometa 50 kwa saa, we utafika wapi. Usipande mti, yeye ndo fundi wa miti. Mwangalie, inua mikono juu uonekane mkubwa, ongea kwa sauti nzito, rudi nyuma taratibu, na muachie njia ya kutokea. Akipuliza pumzi kwa nguvu, akagonganisha meno, akapiga kofi ardhini, huyo kaogopa, anakuomba nafasi, mpe. Na ikitokea amekushika kweli usijilaze kujifanya maiti, huyu mweusi unapigana naye kwa chochote kilichopo, unalenga uso na pua. Yule mdogo wa miaka sita alifanya mazoezi ya kuinua mikono hadi mama yake akacheka, na jioni ile wakatoka nje.

Sasa turudi kwa huyu anayependa. Waliosoma habari za mji huu wanakumbuka Aprili 2024, kundi la watu kwenye apatimenti fulani hapahapa Asheville walionekana kwenye video wanawavuta watoto wawili wa dubu kutoka kwenye mti, juu ya uzio, ili wapige nao selfii. Mtoto mmoja akaponyoka akaanguka, akawa anakimbilia uzio. Maafisa wa wanyamapori walipofika walimkuta mmoja amelowa, anatetemeka, mguu wa mbele mmoja unamsumbua, wakampeleka kwenye kituo cha kulelea wanyama. Wale watu hawakushtakiwa. Na ukiangalia ile video wanachotaka ni picha tu, ndo kinachoniumiza zaidi. Mtoto wa dubu anazaliwa kati ya Januari na Februari pangoni, hafiki hata nusu kilo, Aprili ndo kwanza ametoka kuliona jua, mama kampandisha mtini amwambie subiri hapa nakuja, af binadamu anakuja kumbandua kwa ajili ya picha.

Wengine mtasema mkate kipande kimoja una shida gani. Waliopita barabara ya Dar kwenda Iringa wanajua jibu. Ile lami inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi, kama kilometa 50 hivi, na pembeni nyani wamekaa kwa foleni wanasubiri mabasi na malori. Nikiwa mdogo naenda kwa bibi, na mimi nilirusha ndizi dirishani, abiria wote tunashangilia. Siku moja tulipokuwa tunarudi nikamwona jike amelala katikati ya barabara, gari limempita, na kitoto chake bado kimeng'ang'ania mgongoni kinaangalia magari. Nilikuwa darasa la nne na sijawahi kukisahau. Nyani yule hakuja barabarani kwa sababu porini hakuna chakula. Alikuja kwa sababu sisi tulimfundisha.

Dubu naye anajifunza haraka, na ana sababu. Ikifika vuli anatakiwa ajaze mafuta ya kulalia msimu wa baridi, anaweza kula kalori 20,000 kwa siku, yaani anakula karibu mchana na usiku. Porini kuzipata hizo kwa matunda na mbegu za mwaloni ni kazi ya kutembea siku nzima. Kwenye pipa letu anazipata bila kuhangaika. Mradi wa utafiti ulioanza 2014 hapa mjini uliwakuta dubu jike wa mwaka mmoja wanaoishi mjini wana uzito karibu mara mbili ya wenzao wa msituni, na baadhi yao wanazaa wakiwa na miaka miwili tu, kitu ambacho wale wa msituni hawakuonekana kufanya. Ukimtazama utasema amenawiri. Ila dubu wa mjini anavuka barabara za magari, na anayezoea mikono ya watu ipo siku ataingia jikoni kwa mtu, na siku hiyo watu walewale waliomrekodi ndo wanapiga simu aondolewe.

Na kuondolewa hapo mara nyingi maana yake ni risasi au sindano. Watu wanadhani atapelekwa mlimani mbali aanze maisha mapya, lakini dubu ana akili ya njia, wengi wanarudi, na wasiorudi wanaenda kuwa tatizo la mji mwingine. Yule dubu waliyembandika jina Hank the Tank kule South Lake Tahoe, California, zaidi ya kilo 200, mwaka 2022 alilaumiwa kwa kuvunja nyumba nyingi sana, walipopima vinasaba wakakuta ni dubu watatu au zaidi, na aliyekuja kukamatwa 2023 alikuwa jike. Yeye alipata bahati ya kupelekwa kwenye hifadhi ya uzio Colorado, kwa sababu alikuwa maarufu. Wasio na jina hawapati hiyo. Kule New Jersey kumlisha dubu ni kosa, faini inafika dola 1,000, na mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa asilimia zote.

Ila kuna jambo halisemwi na linatuhusu sisi wapangaji. Kila kipeperushi kinasema funga pipa lako, ondoa kile kidude cha mbegu za ndege, safisha jiko la kuchomea nyama, usiache chakula cha mbwa nje. Sawa kabisa. Mi mwenyewe mwaka wa kwanza niliweka mfuko wenye vichwa vya samaki kwenye baraza nikijua nitautupa asubuhi, usiku ule nikasikia mlango wa wavu unachanika, na tangu siku hiyo mabaki ya samaki yanakaa friza hadi siku ya taka. Hilo nimejirekebisha. Lakini kontena la apatimenti silifungi mimi. Kifuniko chake kilivunjika bawaba mwezi wa pili, tumewaandikia wasimamizi wa apatimenti barua pepe, tumewapigia simu, tumeambiwa fundi anakuja. Familia arobaini na kitu zinatupa taka zao kwenye kontena lililo wazi kama sahani, af asubuhi tunaambiwa wapangaji hatujui kuishi na wanyama.

Na dawa yake inajulikana, haihitaji kongamano. Mji wa Durango, Colorado, watafiti waligawa mapipa zaidi ya elfu moja yenye komeo ambalo dubu hawezi kulifungua, wakalinganisha mitaa iliyopata na isiyopata, fujo za dubu kwenye taka zikawa pungufu kwa asilimia 60 kule kwenye mapipa. Komeo la chuma. Dawa haikuwa risasi wala mahubiri.

Yule kijana wa ghorofa ya pili nilipanda nikamgongea jioni yake. Nikamwambia, mdogo wangu, umeona alivyogeuka? Akasema ndio, ndo kipande bora cha video. Nikamweleza ya Mikumi yote, na kile kitoto mgongoni. Alinyamaza muda, akaniuliza hivi kontena linafungwaje. Tukashuka wote. Tukajaribu kukifunga kifuniko kwa waya wa koti na kamba ya mzigo, tukashindwa, bawaba imeoza kabisa. Akapiga picha nane: bawaba, kifuniko, alama za kucha kwenye rangi, mifuko iliyotapakaa hadi kwenye miti. Jumatatu nina ofu, yeye anatoka kazini saa nane, na mama wa Kikongo kasema anakuja na watoto wake wote. Tunaenda ofisini kwa wasimamizi na hizo picha, na hatutoki hadi watupe tarehe ya komeo.