Pires, nyota ya Nge na haki ya mchezaji kuambiwa sababu

Robert Pires alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1973, kwa hiyo nyota yake ni Nge. Kwa mchezaji mwingine hilo lingebaki jambo la kurasa za mwisho za gazeti. Kwake liliingia kwenye mjadala wa timu ya taifa, maana Raymond Domenech, aliyeinoa Ufaransa kuanzia 2004 hadi 2010, hakuficha kwamba nyota za wachezaji ni miongoni mwa mambo anayoyatazama anapopanga kikosi. Ikavuma kwamba kocha huyo hawataki wachezaji wenye nyota ya Nge. Wenye nyota ya Simba nao alinukuliwa akisema kwamba ukiwa na mmoja kwenye safu ya ulinzi, kaa na bunduki tayari, kwa sababu itafika dakika atataka kujionyesha na timu itaumia.

Baada ya mwaka 2004 Pires hakuichezea Ufaransa tena. Msimu wa 2004/05 aliifungia Arsenal mabao 14 kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, na alikuwa winga, hakuwa mshambuliaji wa kati. Mchezaji wa kiwango hicho akiachwa, watu watauliza, na wana haki ya kuuliza.

Sasa tazama kikosi ambacho Domenech alikipeleka Ujerumani kwenye Kombe la Dunia la 2006. Beki wa kati aliyesimama pamoja na Lilian Thuram ni William Gallas, mzaliwa wa tarehe 17 Agosti 1977. Nyota yake ni Simba. Huyo ndiye angepaswa kuogopwa kuliko wote, lakini alicheza mpaka fainali ya Berlin dhidi ya Italia, na katika mechi saba Ufaransa iliruhusu mabao matatu tu, ukiacha penalti za kuamua bingwa. Mbele yake alikuwapo Thierry Henry, naye kazaliwa siku hiyohiyo, mwezi huohuo, mwaka huohuo. Kwa hiyo mimi siamini kwamba nyota ndizo zilizomwacha Pires nje. Pires mwenyewe alisema hadharani kwamba yeye na kocha hawakuelewana. Huo ulikuwa ugomvi wa watu wawili, na habari za nyota zikawa pazia lililotundikwa mbele yake.

Wapo wanaolitetea pazia hilo, na hoja zao si nyepesi. Kocha wa timu ya taifa anajua mambo asiyoweza kuyasema mbele ya vipaza sauti: mchezaji anayepitia matatizo ya ndoa, anayeficha maumivu ya goti, aliyetibua hali ya kambi. Akiyasema, anamvunjia mtu heshima na pengine anamharibia mkataba klabuni kwake. Akitoa maneno ya ajabu, vichwa vya habari vinamgeukia yeye, na mchezaji anapona. Tena kocha ndiye anayefukuzwa timu ikifungwa, kwa hiyo uamuzi ni wake. Na ukitaka kupima kwa matokeo, Domenech alifika fainali na kulikosa kombe kwa penalti.

Nakubali kwamba kocha hadaiwi kila siri. Anaweza kusema "ni sababu za kiufundi" na kuishia hapo. Maneno hayo hayatoshi, yanakera, lakini hayamdhalilishi mtu. Tatizo la nyota ni jingine kabisa. Mchezaji akiambiwa hakabi, atajifunza kukaba. Akiambiwa ana uzito mkubwa, atakimbia. Akisikia kosa lake ni tarehe ya kuzaliwa, afanye nini? Hata kama kocha hakumaanisha, mchezaji hana pa kukata rufaa, na wenzake wanaosikia wanajifunza kwamba kutopangwa si lazima kuwe na uhusiano na mpira.

Daniel Passarella yuko katikati ya sababu ya nyota na sababu ya mpira. Akiwa kocha wa Argentina kuelekea Kombe la Dunia la 1998, alikataa wachezaji wenye nywele ndefu. Gabriel Batistuta alizipunguza zake. Fernando Redondo alikataa, na akalikosa kombe lile katika mwaka ambao alibeba Ligi ya Mabingwa na Real Madrid. Angalau sharti lilikuwa wazi na mkasi ungelimaliza. Ila kiungo kama yule kukaa nyumbani kwa sababu ya nywele ni hasara ambayo sijasikia mtu akiitetea vizuri, na Argentina ilitolewa na Uholanzi robo fainali.

Kinyume chake ni Louis van Gaal, kocha wa Uholanzi kwenye Kombe la Dunia la 2014, robo fainali dhidi ya Costa Rica. Dakika za nyongeza zikiwa zinaisha, alimtoa kipa Jasper Cillessen, ambaye hakuwa ameambiwa mapema, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa ajabu kuliko lolote la Domenech. Maelezo yake yalikuwa mepesi: Krul ni mrefu zaidi na mikono yake inafika mbali zaidi. Hilo linapimika kwa futi. Krul akaokoa mbili, Uholanzi ikapita. Cillessen alikasirika, na alikuwa na sababu, lakini alijua kwa nini ametolewa.

Kwetu Tanzania tuna mfano ninaouheshimu. Agosti 2018 kocha Emmanuel Amunike aliwaondoa Taifa Stars wachezaji kadhaa wa Simba SC, John Bocco na Erasto Nyoni wakiwemo, kwa kuchelewa kuripoti kambini kabla ya mechi na Uganda. Kelele zilikuwa nyingi, na wengi waliona adhabu ni kubwa mno kwa kosa lenyewe. Inawezekana ilikuwa hivyo. Lakini sababu ilitajwa, kila mmoja aliielewa, na njia ya kurudi ilikuwepo. Tarehe 24 Machi 2019 Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1980. Bao la pili lilikuwa la penalti, na aliyeipiga ni Nyoni.

Kule Misri, kwenye AFCON yenyewe, mambo yalikwenda vibaya, Stars ilipoteza mechi zote tatu na Amunike akaondoka. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba kocha anayesema sababu yake hushinda zaidi ya anayeificha, maana Domenech na nyota zake alifika mbali kuliko yeye. Ninachodai ni kwamba waandishi wetu wa michezo wasiishie kwenye "kwa nini umemwacha fulani?" Swali hilo kocha mzoefu analikwepa. Waongeze la pili: afanye nini ili umwite tena?